Vyuma Nilivyopakia Nyuma ya Trela

Mama alisimamisha shokomzoba mpya kwenye sakafu ya duka la spea pale Kawangware, akailalia kwa uzito wake wote. Ilishuka kidogo tu, halafu ikamrudisha juu.

"Ngumu hivi ndiyo nataka," alisema. "Hii itashika mkia wa pikapu."

Mimi nilikuwa nyuma yake, nikijifanya nasoma bei ukutani.

Mama anakodisha hema na viti. Pikapu anaendesha mwenyewe, trela ikifuata nyuma, na mimi hukaa kando yake nikiiangalia. Jumamosi iliyopita, tukitoka harusi moja mtaa wa Olympic, trela ilianza kuyumba kwenye mteremko. Kushoto, kulia, hadi ikawa inavuta mkia wa pikapu. Mama alitoa mguu kwa mafuta, akakaza usukani, akaanza kuomba kwa sauti. Kando ya barabara kulikuwa na watoto wamesimama. Hatukugonga mtu.

Kesho yake fundi wetu wa Laini Saba aliingia chini ya pikapu, akakuta shokomzoba moja ya nyuma imevuja, imelowa mafuta yote.

"Si nilisema ni shokomzoba?" Mama akaniambia.

Mimi nilijua kitu kingine. Kwetu vyuma vya hema hupakiwa mbele, viti ndio hufuata. Jumamosi hiyo wavulana watatu wa darasa letu walikuwa wameegemea ukuta karibu na trela, na kusukuma vyuma hadi mbele kungenilazimu nipande na sketi wakinitazama. Kwa hivyo nilivirundika vyote pale mwisho, karibu na mlango, viti nikavirusha ndani, nikafunika na turubai haraka. Mama alikuwa bado anaagana na wenye harusi.

Sasa muuzaji, kijana wa kofia ya sufu, alikuwa anamsifia zile ngumu. "Hizi ni za gesi, mathe. Hata ubebe kanisa na pasta wake, mkia hauchezi."

"Na zile nyingine?"

"Hizo ni za kawaida. Za mtu wa kubeba sukuma wiki."

"Kwa hivyo nikifunga hizi naweza kushuka na spidi yangu ya zamani?"

"Hata uongeze!"

Tangu Jumamosi Mama alikuwa anateremka polepole kama amebeba mayai. Nilimwona akitabasamu, nikawaona tena akilini wale watoto wa kando ya barabara.

"Mama."

Hakusikia.

"Mama, si shokomzoba."

"Sauti, siz," muuzaji alisema. "Hapa si maktaba."

"Nilipakia vyuma nyuma," nikasema. "Vyote. Mwisho kabisa."

Mama aligeuka. "Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Ya vyuma?"

Muuzaji alicheka, halafu akaacha. "Mathe, kama vilikuwa huko mwisho, hiyo ni kitu ingine. Trela inanyanyua mkia wa gari. Hata nikuuzie shokomzoba ya lori, itakutupa tu."

"Na umetoka kuniambia niongeze spidi."

"Sikujua mambo ya vyuma."

"Hukuuliza."

Alijikuna chini ya kofia. "Sawa. Ukiwa bila mzigo unapitia wapi?"

"Laini Saba, kila siku. Mashimo tu."

"Basi ngumu zitakurusha hadi ugonge paa."

Mama alichukua zile za kawaida, mbili, ingawa iliyovuja ilikuwa moja, maana mpya na iliyochoka hazivuti sawa. Kwanza alizisimamisha pamoja akazikandamiza, mkono huu na mkono huu, aone kama zinashuka sawasawa. Alirudia mara tatu. Hakuniangalia.

Tulipokuwa ndani ya pikapu ndipo aliongea.

"Ungeniambia Jumamosi hiyohiyo."

"Niliogopa."

"Wale watoto," akasema. Hakumaliza.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na kazi nyingine Olympic. Shokomzoba zilikuwa zimefungwa. Nilivaa suruali ndani ya sketi, nikapanda kwenye trela watu wakiniona, nikasukuma vyuma hadi mbele. Kijana mmoja alipiga mbinja. Masikio yaliwaka moto, lakini sikushuka.

Mama alikuja, akafungua turubai niliyokuwa nimeshafunga, akaingiza mkono na kutikisa chuma kimoja kimoja. Zamani hakuwa anaangalia. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu hadi akamaliza.

Kwenye mteremko ule alienda polepole vilevile. Nilipindisha shingo nikaangalia trela njia yote. Ilitufuata kimya. Tulipofika chini nilisema kwa sauti, bila kuulizwa, "Iko sawa."

"Usiache kuangalia," Mama akasema.