Ishirini ya Jana

Pumzi za mgonjwa huhesabiwa bila yeye kujua. Ndilo jambo la kwanza ninalowaonyesha wanafunzi wangu wa uuguzi, na huwa silipitii haraka, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza vibaya. Unamshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo ya moyo. Mapigo unayapima kweli. Kisha, bila kuuachia mkono, unahamisha macho hadi kifuani na kuhesabu kila kifua kinapoinuka, dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Ukimwambia unachofanya, ataharibu hesabu. Mtu akijua anatazamwa hupumua kwa adabu.

Chuoni Kasese tulijifunzia kwa mwanasesere wa plastiki ukubwa wa mtu mzima. Tulimwogesha, tukamgeuza, tukamtandikia shuka huku amelala juu yake. Alikuwa mvumilivu kuliko wote niliowahi kuwauguza, lakini pumzi za kuhesabu hakuwa nazo. Hizo tulisubiri kuzikuta wodini.

Wodi yenyewe ilikuwa upande wa Bwera. Hospitali siitaji, maana niliyoyaona pale nimeyaona kwingine pia. Ilikuwa wodi ya wanaume, vitanda vimebanana, muuguzi mmoja wa asubuhi chini ya sista msimamizi, na sisi wanafunzi watatu. Daktari alipita saa nne, na kabla hajafika kila chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda ilitakiwa iwe imejazwa. Kipimajoto kilikuwa kimoja. Mashine ya presha ilifanya kazi siku ikiwa na betri. Basi joto lilipimwa, presha ilipimwa ikiwezekana, na pumzi ziliandikwa. Naomba msomaji aone tofauti ya maneno hayo mawili. Kila aliyeshika kalamu aliandika ishirini, hesabu isiyomshtua daktari yeyote. Kijana aliyevunjika mguu, ishirini. Mzee mwenye pumu, ishirini. Wodi nzima ilipumua kama kwaya.

Wiki ya kwanza nilihesabu kama nilivyofundishwa, na wenzangu wakanibandika jina la Dakika. "Dakika, umefika kitanda cha pili? Sisi tunakwenda kunywa chai." Wiki ya pili nilichoka kuchekwa. Nikaanza kuandika ishirini.

Lazima nieleze pia habari ya kitabu. Kila mwanafunzi alipewa kitabu chenye orodha ya kazi zote za muuguzi, na mbele ya kila kazi kulikuwa na nafasi ya sahihi ya inchaji, yaani sista msimamizi wa wodi. Kitabu kisipojaa sahihi, hufanyi mtihani wa mwisho. Unarudia mafunzo na kundi linalofuata. Mama yangu alikuwa akilima mihogo juu ya Kilembe, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili, na alikuwa ameshaliambia kanisa zima kwamba mwaka ule binti yake anamaliza. Saa niliyovaa aliniletea yeye kutoka soko la Mpondwe, pale mpakani. Ilikuwa ya kiume na kubwa mno, nikaifunga juu kidogo ya kifundo isidondoke.

Katika kitanda kilicho karibu na dirisha alilala mpagazi wa mpakani, mtu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mwenye shingo nene kwa magunia ya miaka mingi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri, na asubuhi ile alitarajia kuruhusiwa. Nilichukua chati yake, nikaweka kalamu mahali pa pumzi.

"Muuguzi mudogo," akaniita. "Jana uliandika tu, ukaenda. Haukunishika hata mukono. Leo unishike, nami nione niko mutu."

Alikuwa akitania. Alicheka, kisha akaukatisha ule mcheko katikati kama mtu aliyechomwa na mwiba. Nikamshika mkono. Mapigo yalikwenda mbio. Nikahamisha macho hadi kifuani.

"Unanishika kama muchumba," akasema. "Bibi yangu kule Butembo akiona, ataruka mupaka aje leo hii."

"Nyamaza kidogo, baba."

Thelathini na nne. Nikarudia dakika nyingine. Thelathini na nne.

"Kifua kinauma?"

"Inakaza kidogo tu. Usiandike. Nataka kurudia ku kazi."

Niliandika.

Inchaji alipopitia chati alisimama pale dirishani kwa muda, kisha akaniita mbele ya wote. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, aliyekwisha kuwafundisha wengi kuliko nywele za kichwa changu, na nilimheshimu. Nasema haya ili asije akaonekana shetani. Aliendesha wodi ile kwa mikono miwili tu, na ishirini ilimsaidia kufika saa nne.

"Wewe wa Kilembe! Juzi ishirini, jana ishirini. Leo thelathini na nne. Alikuwa anakimbia kitandani?"

Wenzangu wakacheka.

"Nimehesabu, sista. Mara mbili."

"Na huu wa jana ni mwandiko wa nani?"

Niliangalia. Ishirini ile ilikuwa na mkia mrefu kwenye mbili, kama ninavyoandika mimi.

"Wangu."

"Kwa hiyo ulidanganya jana, au unadanganya leo?"

Angeweza kuniuliza chochote kingine nikapata pa kujificha.

"Jana," nikasema.

Akanyoosha mkono. "Lete kitabu chako." Nikampa. "Mwanafunzi anayeghushi chati hana sahihi yangu. Rekebisha hiyo namba ilingane na zingine, halafu tutazungumza. Daktari yuko njiani." Akaenda ofisini. Nikasikia droo ikifungwa.

Mwenzangu mmoja alinivuta kando. "Kapige magoti, Dakika. Sema umekosea, badilisha hiyo namba, chukua kitabu. Ni namba moja tu."

Kwetu kupiga magoti si jambo kubwa. Msichana humpigia magoti mkubwa wake kwa salamu tu, sembuse kwa kuomba radhi. Wanafunzi wengi walikuwa wamepiga magoti kwenye saruji ile na kurudishiwa vitabu vyao. Nilimfikiria mama na kanisa zima. Nikaenda ofisini, nikapiga magoti, mikono juu ya mapaja kama nilivyolelewa.

"Sista, naomba radhi kwa ishirini ya jana. Niliandika bila kuhesabu. Hata za siku zilizotangulia nyingi niliandika hivyo hivyo."

Akaitikia kwa kichwa, mkono ukaelekea kwenye droo.

"Lakini thelathini na nne siibadilishi."

Mkono ukasimama. "Unajua maana yake? Utarudia."

"Nitarudia. Akirudi Mpondwe leo kubeba magunia kwa namba yangu ya uongo, mimi ndiye nitakayekuwa nimemruhusu. Nenda ukamhesabu wewe, sista. Saa yangu hii hapa."

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikaifungua ile saa kubwa, nikaiweka mezani mbele yake.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliichukua saa, akatoka, akaenda dirishani na kumshika mpagazi mkono.

"Leo wananifurahisha," mpagazi akasema. "Hata mukubwa yao amekuja."

Nilikuwa nimemfuata, nikamwona inchaji akihamisha macho hadi kifuani, kwa ufundi ule ule niliofundishwa. Dakika nzima ilipita, tena na nyingine. Kisha akatoa kalamu na kuandika kwenye mraba uliofuata wangu: thelathini na sita.

"Hatoki leo," akamwambia muuguzi wa zamu. "Daktari aanzie hapa."

Ilikuwa nimonia. Mpagazi alibaki nasi siku nane, akinung'unika kila siku kwamba muuguzi mudogo alimfunga jela.

Kitabu nilirudishiwa siku ya mwisho, kwenye bahasha, bila neno. Sahihi zote zilikuwemo. Mbele ya kazi ya kupima hali ya mgonjwa, inchaji alikuwa ameongeza maoni yake: "Afanye haraka zaidi."

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa sasa, na kitabu hicho huwapitishia wanafunzi wapya wakione. Wakimaliza kucheka, nawaambia wavae saa zao. Haraka hiyo sijaifanya bado.