Mawe ya Radio Juu ya Bati

Nimechoshwa na watu wengi maishani, lakini hakuna walionichosha kama wale wanaume wa jukwaani, ambao sura zao sikuwahi kuziona. Mmoja yuko Brussels, mwingine Montréal, wengine wanadai wako Kinshasa, na kazi yao ni moja: kusoma habari za simu mpya na kompyuta mpya kwenye mtandao, kisha kugombana chini yake kwa Kifaransa kirefu. Simu yenye kupiga picha imetoka huko Asia. Haya, ni simu au ni kamera? Waligombana wiki nzima. Mimi nilikuwa Kisangani, vita vinaendelea, katika mji ambao simu pekee nilizowahi kuziona ni zile zenye antena nene za wakubwa wa jeshi, na nilijilazimisha kuwa na maoni.

Sababu yenyewe ilikuwa kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita nyumbani. Alishuka Kinshasa kwa boti kwenda kusomea kompyuta, muda mfupi kabla ya vita. Halafu mto ukafungwa. Serikali kule, waasi huku, na katikati hakipiti kitu, si boti wala barua. Tukasikia kwamba kule Kinshasa watu waliosikika wakisema Kiswahili barabarani walikamatwa, na wengine hawakuonekana tena. Yaya alikuwa na Kilingala kizuri, lakini akikasirika aliangukia Kiswahili, na yaya alikasirika kila siku.

Tulipeleka ujumbe kwa watu wa misaada, hakikurudi kitu. Papa alikwenda kwenye nyumba ya phonie, ile radio ya kuita mji kwa mji. Uliweza kuita Goma, uliweza kuita Kindu, lakini Kinshasa ilikuwa marufuku. Miaka ikapita bila kujua kama yaya ni mzima au amekufa. Mama aliacha kumtaja wakati wa kuwaombea wazima, na hakuthubutu kumtaja kati ya wafu. Alisema tu “na wale wote,” nasi tukaitikia amina.

Kisha ikaja cyber. Mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini, muuza sabuni na vitenge kwa jumla, alishusha sahani ya satelaiti kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, katika ndege iliyoleta maharagwe, akaifunga juu ya duka lake. Mashine moja tu ndiyo iliyounganishwa na sahani, nyingine zilikuwa kavu. Ulikaa kwenye ile ya mtandao dakika chache, ukafungua kurasa haraka, ukazimwaga kwenye disketi bila kusoma, kisha ukahamia mashine kavu, ambako saa ilikuwa rahisi, kusoma na kuandika jibu lako. Jibu ulilipeleka wiki iliyofuata, ikiwa jenereta imeamka vizuri na disketi haijaota ukungu.

Kwa hiyo kila kichekesho chetu kilifika kikiwa kimepoa. Wenzetu wameshahama kwenye simu ya kamera, sasa wanabishana kama disketi zitatoweka duniani, na wewe ndiyo kwanza unajibu tusi la wiki iliyopita. Mmoja aliandika kwamba huyu wa Kisangani anatuma maneno yake kwa pirogi, yaani mtumbwi, wote wakacheka. Mwingine, aliyejiona fundi wa kila kitu chini ya jua, alisema mimi ni mwongo, niko zangu Ulaya, kwa sababu Kisangani hakuna hata chumvi, sembuse mtandao. Hilo la chumvi lilikuwa karibu na kweli, ndiyo maana liliniudhi zaidi.

Utauliza kwa nini sikuandika tu: namtafuta fulani, mtoto wa fulani, wa Kabondo, mtaa wetu. Katika ile cyber alikaa bwana mmoja wa miwani myeusi ambaye hakuwahi kuandika barua kwa mtu yeyote, alipita tu nyuma ya viti vyetu na kusoma. Na kule Kinshasa bila shaka walikuwa na wa kwao. Jina la kijana wa kule likiandikwa kutoka kwa waasi lingeweza kumfikisha mahali pabaya sana. Jina lake halikuwezekana.

Wazo lilitoka kwa mama. Alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, mimi nikilalamika kwamba nina jukwaa zima la Wakongo wapenda mashine mbele yangu na siwezi kuuliza swali moja. Hakuacha kutwanga.

“Ule mutoto unamujua,” alisema. “Ukimupa bonjour, hajibu. Lakini ukisema bêtise, maneno ya ujinga, juu ya machine, atatoka hata ndani ya choo kuja kukusahihisha. Basi sema bêtise.”

Hakuna aliyemjua yaya ambaye angeweza kubisha. Siku moja aliruka kutoka kwenye toleka, baiskeli za abiria za kwetu, katikati ya safari, kwa sababu dereva alisema dinamo ya taa inampunguzia kazi ya kukanyaga. Alimaliza njia kwa miguu huku anamfafanulia, na dereva anasukuma baiskeli pembeni yake kwa adabu. Kama yaya ni mzima, nilijiambia, na kama Kinshasa kuna cyber, yuko kwenye lile jukwaa. Anasoma, ananuna, anangoja mtu akosee.

Nikajipa jina la mbwa wetu wa zamani, ambaye nje ya familia yetu hakuna aliyemjua, nikaanza kukosea.

Niliandika kwamba simu yenye kamera itazidi kuwa nzito kadiri unavyopiga picha, na sisi wanawake tufikirie mikoba yetu. Niliandika kwamba disketi iliyoloa inyooshwe kwa pasi ya makaa, upande wa kitambaa. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, jamani. Kila neno nililoandika liliniuma kwenye meno. Na wenzangu wa shule, waliokuja cyber kusoma habari za mpira, waliyasoma maneno yangu juu ya bega langu, wakaenda kuyasimulia kwenye chumba cha walimu.

Jukwaa lilifurika. Kumbe hakuna kitu ambacho wanaume wa mbali wanakipenda kama mwanamke aliyekosea. Walinieleza uzito, walinieleza sumaku, walinieleza mambo niliyokuwa nikiwafundisha watoto wa Kabondo kila Jumatatu asubuhi. Wakanipachika cheo, Malkia wa Pasi. Mmoja alinieleza kitu kile kile mara tatu, na mara ya tatu alikosea yeye. Nami sikuweza kumwambia, maana mjinga hasahihishi watu.

Lakini si matusi yaliyonimaliza. Kilichonimaliza ni kwamba nililazimika kuyasoma yote. Mtu mwingine angeruka zile hotuba. Mimi nilisoma kila moja taratibu kwenye mashine kavu, na kuirudia, nikitafuta sauti ya yaya ndani yake. Kila mjivuni angeweza kuwa yeye. Mmoja aliniita “wewe mtoto,” kama yaya alivyoniita, na aliandika kwa hasira ile ile fupi fupi. Nilikwenda nyumbani mbio. Mama alipika samaki siku hiyo. Wiki iliyofuata yule bwana akaandika kwamba amezaliwa Lubumbashi, anaishi Lyon, na mkewe naye amechoka na jukwaa. Nilimchukia mtu yule kwa kosa la kuwa yeye mwenyewe.

Papa hakutaka kusikia habari za jukwaa. Alikuwa mtu wa reli. Treni zilikuwa zimelala upande wa pili wa mto, na bado alivuka kwenda Lubunga kila wiki kuziangalia. Yeye na yaya waliachana vibaya, na juu ya nini? Juu ya mawe ya radio, yaani betri. Yakichoka, papa aliyapanga juu ya bati juani tangu asubuhi, na jioni radio ikasema tena kidogo, taarifa ya habari na nusu ya muziki. Kwa papa, jua ni moto, na moto unarudisha moto. Yaya akasema ni upuuzi. Waligombana miaka. Siku moja papa alikanyaga bati bovu pale juu, mguu ukatokeza jikoni, juu kabisa ya sufuria ya mama, na yaya badala ya kuushika mguu akaanza tena somo lake. Hata siku ya boti, gatini, watu wanalia na kukumbatiana, wao wawili wakabishana juu ya mawe mpaka king'ora kikalia. Hawakuagana. Papa hakuwahi kulisema hilo, lakini tangu mto ufungwe hakuweka tena mawe juani. Yakifa, alikaa bila habari.

Ikatoka habari jukwaani kuhusu betri mpya za simu, za kudumu siku nyingi. Nilikuwa nimeishiwa na ujinga. Ulibaki mmoja tu, na niliona haya kuutoa, kwa sababu haukuwa wangu. Nilimwomba papa ruhusa.

“Andika,” alisema. “Lakini ile si bêtise. Ile ni kweli.”

Akaniambia cha kuandika, neno kwa neno, kama mtu anayetoa ushahidi: kwamba huku kwetu hatuhitaji betri mpya, kwamba jua linarudisha umeme ndani ya mawe yaliyokufa, mradi yapangwe kwenye bati, kichwa kikielekea mashariki. Hilo la mashariki sikuwahi kulisikia. Nadhani alilitunga pale pale.

Wiki iliyofuata nilimwaga kurasa kwenye disketi, nikahamia mashine kavu. Vicheko, kama kawaida. Malkia wa Pasi sasa ni Malkia wa Bati. Fundi wa kila kitu alikuwa ameandika hotuba ndefu yenye vichwa vya habari. Niliisoma yote, nikairudia, huku nasaga meno. Chini yake kulikuwa na jina geni, na ujumbe usio na salamu:

“Jua halirudishi kitu. Ni joto tu, linakamua kilichobaki. Nilishaeleza haya gatini, mtu mzima akakataa kusikia. Wekeni mawe karibu na jiko, mtapata yale yale, bila mtu kupanda juu na kuteremshia mguu wake katika sufuria ya watu.”

Nililia pale pale, mbele ya watu wa mpira. Mwenye cyber alikuja haraka akidhani disketi imekufa. Bwana wa miwani myeusi naye akainama kusoma, akaona habari za jiko na sufuria, akaenda zake. Nilichapa ukurasa ule, nikapanda toleka, na nilimsumbua dereva njia nzima akanyage zaidi.

Mama aliposikia la sufuria, alikaa chini kwenye vumbi na mwiko mkononi. “Iko muzima,” alisema. Papa alitaka nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza kama hakuna neno jingine, labda salamu mwishoni. Nikasema hakuna. “Bado iko na kichwa ngumu,” alisema, akatoka, akasimama nyuma ya nyumba ameupa mlango mgongo, mabega yakitikisika.

Asubuhi nilimkuta jikoni amechuchumaa. Mawe mawili yaliyochoka ameyaweka kando ya jiko la makaa, na mawili ameyapanga nje juu ya bati, akitumia ngazi safari hii. Jioni aliyajaribu kwenye radio, haya kisha yale. Radio ilisema muda ule ule, ikafa namna ile ile. Papa alifunga kifuniko cha nyuma taratibu.

Siku yangu ya cyber ilipofika nilimwambia nimeshajua la kuandika. Nitasema kwamba tumejaribu jiko, kwamba yaya alikuwa na haki, na kwamba mtu mzima wa gatini anakubali. Niliona ndiyo amani yenyewe, na nilikuwa nimechoka na ubishi, wa jukwaani na wa nyumbani.

Papa aliweka mkono wake juu ya karatasi yangu.

“Usiandike kama yeye iko na haki,” alisema. “Akishinda, atanyamaza tena.”

Kisha akatazama bati.

“Andika kama hata mwezi, usiku, inaweka courant ndani ya mawe.”

Nikaandika.