Kufuli la Bomba la Ploti

Sikupanga kwenda hospitali ya Upper Hill Jumanne ile. Nilipanga kupalilia sukuma wiki zangu hapa Dagoretti. Lakini saa mbili asubuhi Mwende, mpangaji wa chumba cha tatu kwenye ploti yangu ya nyumba za kupanga, alinibishia mlango akiwa amempakata Mutuku, mwanawe wa miezi mitano. Mtoto alikuwa akiharisha tangu jana. Utosi ulikuwa umebonyea na alilia bila machozi. Niliogopa, sitaficha. Nilimwita jirani mwenye gari.

Dagoretti Corner tulikwama kwenye foleni.

"Anapumua?" niliuliza kila baada ya muda.

"Anapumua, shosho," alijibu Mwende; wapangaji wote huniita hivyo, yaani nyanya.

Mwende huosha matumbo machinjioni. Alirudi kazini mtoto akiwa wa miezi miwili, maana usipofika siku mbili nafasi yako hupewa mwingine. Humwachia mpangaji mwenzake mtoto na chupa ya maziwa ya unga.

"Si ungemnyonyesha tu?" nilimgombeza.

"Na kazi je, shosho?"

Nikageuka kuitazama foleni.

Saa nne tulifika hospitalini. Nesi alitafuta mshipa mara mbili akaukosa, nikageukia ukuta. Dripu ilipoingia, akamuuliza Mwende, "Hiyo maziwa unakoroga na maji gani?"

"Ya mkokoteni, ya kununua kwa wachuuzi."

"Kwa ploti hakuna maji?"

Mwende aliangalia viatu vyake. "Iko, lakini mimi hupata imefungwa."

Hakunitazama, na heshima hiyo iliniuma kuliko tusi. Bomba nilikuwa nikilifungua kila siku saa kumi na mbili jioni, kisha nalitia kufuli nusu saa baadaye ili watu wasiharibu maji. Mwende hurudi saa moja. Miaka yote nilijisifu kwamba huo ni uangalifu.

"Ni mimi hufunga," nilimwambia nesi. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yangu.

Nesi aliigusa dripu. "Shosho, hii ni maji safi na chumvi tu. Akikojoa, tutajua ameanza kupona."

Saa tisa nilirudi peke yangu. Mwende alibaki wodini. Kwenye ploti wanawake walikuwa wameshapanga mitungi, wakingoja saa yangu. Nilifungua bomba mapema, nikatupa kufuli chooni. Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa nikiogopa maji kupotea, na sikuwahi kuuliza mtoto wa chumba cha tatu anakunywa nini.

Simu iliita jioni. Nilisita kuishika.

"Shosho," Mwende alisema, "Mutuku amekojoa."

Nikakaa chini pale kando ya bomba, maji yakitiririka mtungini, nikalia.