Sauti ya Kaka Ndani ya Gemu la Mpira

Watu wa hakimiliki siwapendi, na sitajifanya nawapenda ili nionekane mstaarabu.

Kibanda changu cha gemu kiko Tabora mjini, njia ya kwenda stesheni. Alikianzisha marehemu kaka yangu. Alikuwa na gemu moja la mpira, la zamani. Akalifungua kwenye kompyuta, akaondoa sauti ya mtangazaji wa Kizungu, akaweka yake. Timu nazo akazipa majina ya kwetu: Kigwa, Ziba, Ulyankulu. Beki wa Kigwa akipitwa, kaka anamwambia apunguze haraka, treni yenyewe haijafika. Watu walikuwa wanafungwa huku wanacheka.

Alipofariki, kompyuta ilikuwa imeshaunguzwa na radi na diski nyingine zimekwaruzika. Ikabaki moja. Kila Jumapili Mama akitoka kanisani alipitia kibandani, akakaa kwenye benchi, akaniambia niweke. Mpira haujui. Alikuja kumsikiliza mwanawe.

Kampuni iliyotengeneza gemu hilo iliacha kuliuza zamani. Hulipati dukani wala mtandaoni, hata uwe na hela za kumwaga. Wamelitupa wenyewe, lakini ukiliokota wewe unaitwa mwizi.

Afisa wa hakimiliki alikuja asubuhi moja na mwenzake, kitambulisho shingoni, uso umekazwa. Kusikia lafudhi yake tu nikajua ni Mgogo. Sisi Wanyamwezi ni watani wao tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani akija kwako anaweza kubeba hata sufuria, wewe unacheka, na yeye anajua atairudisha. Kwa hiyo alipoichomoa ile diski na kusema, "Hii ya wizi naondoka nayo," nilicheka.

"Beba, mtani," nikamwambia. "Sisi wezi tangu zamani, nyie ndio mlikuwa mnatutoza mpaka maji ya kunywa."

Hakucheka. Alimgeukia mwenzake. "Umesikia? Amekiri."

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Nikamweleza kwamba mle ndani mna sauti ya marehemu, na hakuna nyingine.

"Mngeomba ruhusa kwa mwenye haki."

"Mwenye haki mwenyewe ameacha kuliuza."

"Kuacha kuuza siyo kuruhusu," akasema, akaitia diski kwenye mfuko pamoja na nyingine.

Alikuwa sahihi kisheria, najua. Nilimchukia siku ile na namchukia mpaka leo. Mtu anayemkana mtani wake mbele ya msiba sina la kumsamehe.

Nilipofuatilia ofisini kwao, niliambiwa zote zimeshasagwa. Aliyeniambia alikuwa anakunywa chai.

Mama nilimweleza ukweli. Akauliza sauti ilikuwa ya nani. Nikamwambia sauti ya kaka, gemu la kampuni.

"Sasa si wangechukua lao, wakatuachia letu?"

Nilimweleza kwamba havitenganishwi. Hakunielewa, na mimi sikutaka anielewe.

Sasa kibandani kuna gemu jipya, lina kibali. Mama alikuja mara moja, akamsikiliza mtangazaji wake wa Kizungu anavyopayuka, akaniomba nizime. Hajarudi tena.

Juzi nilimkuta jikoni peke yake, anachambua mchele huku anatangaza mpira, anajaribu kuitoa sauti ya mwanawe. Alifika kwenye goli, akakosea, akaanza upya. Mara ya pili akakosea tena, akaacha, akaendelea na mchele.