Fimbo Niliyompokonya Mwanahawa

Siku moja haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa msichana, mama yangu amefariki, nikawa silali, sili, sitaki kuoga, nageukia ukuta tu. Kijijini kwetu, huku Ruvuma inapoingia baharini, wakasema nimeingiwa na shetani. Shangazi yangu, Bi Asumini, hakuyafuata maneno hayo. Maji yalipokupwa akaniinua, akanipeleka mikokoni kuokota tondo, wale konokono wa kwenye matope, pamoja na wenzake: Bi Zainabu, Bi Halima Chande, Bi Somoe.

Mikokoni kuna matope ya kummeza mtu mpaka kiunoni. Kwa hiyo wa mbele hushika fimbo, hupima, na wengine hukanyaga palepale alipokanyaga. Shangazi fimbo akanipa mimi. Niliogopa. Lakini ukiwa unapima matope huzuni inakaa kando kidogo, maana nyuma yako kuna watu. Nilirudi nimechoka, nikaomba ugali. Tukawa tunakwenda hivyo, mpaka nikaanza kucheka tena.

Sasa sikia aibu yangu. Mwaka uliofuata rafiki yangu Mwanahawa akapatwa na yaleyale: halali, hali, hataki kuoga. Shangazi akamleta mikokoni, akampa fimbo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Wasichana wengine waliokuja kuokota wanatutazama, nami sikutaka wakumbuke kwamba na mimi nilikuwa hivyo. Nikampokonya.

"Lete hapa," nikasema. "Utatuzamisha wewe, kichwa chenyewe hakipo."

Wakacheka. Mwanahawa aligeuka akarudi kwao peke yake, matope magotini, akajifungia.

Shangazi akanitazama. "Siku nilipokupa wewe, kichwa chako kilikuwepo?"

"Hapana, shangazi."

"Na tulikufuata. Bi Zainabu na uzee wake alikufuata."

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Jioni nilipeleka fimbo kwa kina Mwanahawa, nikamwomba radhi nikiwa nje ya mlango wake. Hakufungua. Nikaiegemeza ukutani, nikaondoka. Kila nikirudi naikuta palepale, na mama yake ananiambia chakula hagusi. Nikawa nawaza, huyu akifa nimemuua mimi.

Asubuhi moja nikakuta fimbo haipo. Mwanahawa ameshatangulia mikokoni na shangazi. Nikawafuata, nikashika mwisho wa mstari, nikakanyaga alipokanyaga Mwanahawa.

Alipona, akaolewa, ana wajukuu kule Naliendele. Tunasalimiana vizuri. Lakini miaka yote tuliyookota tondo pamoja, fimbo hakunipa tena niishike, nami sikuthubutu kuiomba.

Mwanangu, nyinyi wa leo mnajifungia na simu huko mjini, Shangani na Magomeni, na sisi wazazi tunasema ni uvivu. Moyo wa kijana unaumwa kama tumbo linavyoumwa. Ukiumwa, sema. Nenda hospitali, wapo wanaosikiliza. Na utoke nje, jua likupate, miguu ichoke, njaa ikukumbuke. Mwenzio akiumwa, usimcheke, wala usimfanyie kila kitu kama mtoto mchanga. Mpe kazi ambayo hata wewe unaitegemea, halafu umfuate nyuma.

Mwenyezi Mungu akutoe kila utakapozama, akupe watu wa kukanyaga nyayo zako bila kukucheka. Na mimi anipe uso wa kumtazama Mwanahawa kabla hatujafukiwa. Amina.