Kahawa ya Mpolandi Wetu

Daktari wa Maskati alimwita ndani peke yake, mimi nikaachwa kwenye viti vya nje kama mleta mzigo. Alipotoka, Mpolandi wetu alisema neno moja tu: twende. Nikawasha gari.

Alikuwa kiungo wa klabu yetu ya Ibra, huku Omani, na mpangaji wetu, maana anakaa vyumba vya nyuma vya nyumba ya mama. Kwenye mechi ya Sur goti lilimgeuka, akatolewa kwa machela, uso ameufunika kwa jezi. Tangu siku ile wimbo wake ukawa mmoja. Hataki kuuacha mpira akiwa amelala. Anataka mechi moja, hata dakika za mwisho, kisha atoke uwanjani kwa miguu yake. Nafasi za wachezaji wa kigeni ni chache, na mwenyekiti wa klabu alikwishapata mtu mwengine. Mimi ndiye niliyemsihi mwenyekiti angoje neno la daktari, na muda wa kungoja ulikuwa unakwisha siku ile ile.

Safari yake ya mpira nilikuwa naijua yote. Alizaliwa mji wa machimbo ya makaa, babake akiteremka shimoni kabla ya alfajiri, na watoto wakisukuma theluji uwanjani ndipo wapate kucheza. Akafika ligi kuu ya kwao. Mara moja akaitwa timu ya taifa, akakaa benchi, akarudi nyumbani na jezi safi. Baadaye kila alipohama klabu ilikuwa ndogo kuliko iliyopita. Yeye mwenyewe akilisema jambo hilo hucheka, ati klabu zinapungua lakini jua linazidi. Nilimpenda kwa uchezaji wake: hakimbii ovyo, na kabla mpira haujamfika mkono wake umeshamwonyesha mwenzake pa kwenda.

Bidbid tulisimama tunywe chai, kabla hatujaishika njia ya Ibra. Nikashindwa kuvumilia.

"Kasemaje daktari?"

"Nyumbani," alinijibu kwa Kiingereza. "Mbele ya mama."

Nilikasirika, sifichi. Mimi ndiye ninayemwendesha, mimi ndiye niliyemwombea, halafu nifungiwe mdomo mpaka Ibra. Nilikanyaga mafuta. Yeye alikuwa akitazama milima, kiganja amekiweka juu ya goti.

Mama tulimkuta barazani ndani, na mwenyekiti ameshafika, amekaa kitako na bakora yake mapajani. Nilitambua amekuja kutaka jibu.

"Shikamoo mama," Mpolandi alisema.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Khabari? Ulum?"

"Ma shei khabar, mama. Kheri tu."

Asiyeijua Ibra angedhani mambo ni mazuri. Desturi ya huku, mtu akitoka safari huulizwa habari, ndiyo hiyo ulum, naye hujibu ma shei, hakuna, hata kama ametoka kuzika. Habari yenyewe hungoja mpaka tende ziliwe na kahawa inywewe, na kahawa haina mwisho mpaka mnywaji aitikise finjani. Mama amezaliwa Malindi, Unguja, lakini kwa mambo haya amewashinda wenyeji. Mpolandi naye ni mama mwenyewe aliyemfunza, na mtu akikosea humrudi hapohapo.

Nikalishika dele la kahawa. Mwenyekiti alikunywa akatikisa upesi, akaiweka finjani yake chini. Mpolandi alikunywa, akanyoosha mkono. Nikamtilia. Akanyoosha tena. Akapita pale watu wa heshima wanapokomea, akanyoosha tena, na mimi ndipo nilipotambua anafanya nini. Maadamu anakunywa, hapana wa kumuuliza. Ndani ya kile kifinjani kisichojaza kiganja, bado alikuwa mchezaji.

Hasira zangu zikanitoka zote, ikaingia hofu. Nikawa namtilia kidogo kidogo ili dele lisiishe. Mwenyekiti alikohoa, akaigeuza bakora yake, akanitazama mimi. Mama hakumtazama mtu, alikuwa akizitoa kokwa za tende na kuzipanga sahanini.

Hatimaye Mpolandi aliishika finjani kwa vidole viwili, akaitikisa. Nikainama niliweke dele chini.

"Mtilie," mama akasema.

"Mama, ameshatikisa."

"Nimeona. Mtilie, nakwambia."

Maisha yangu yote sijapata kumsikia mama akiamrisha finjani iliyotikiswa ijazwe. Nilimtilia, nyengine ikamwagika mkekani na hakunigombeza. Mpolandi alikaa akiiangalia ile kahawa, asiinywe. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mama, mpira kwisha. Daktari kasema hata dakika moja, hapana."

"Najua, mwanangu. Nimejua tangu ulipoingia mlangoni. Kunywa kwanza."

Akanywa, machozi yakimtoka. Nilimgeukia mwenyekiti, nikijua sasa zamu ni yake, naye alikuja kwa jambo moja tu. Alikuwa ameiokota ile finjani yake aliyokwisha kuitikisa zamani, amenikunjulia mkono, anangoja na yeye nimtilie.