Rezo Haikuwa na Kosa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tulipanda kilima juu ya mji wetu wa Baraka kutafuta rezo, mtandao wa simu, kama watu waliopoteza mbuzi. (Usicheke. Nina miaka kumi na saba, wewe una kumi na mbili. Leo mimi ni mzee wako.)

Dada yangu Furaha alikuwa anajiandikisha kwenye shule ya wauguzi, na ukurasa wao ungefungwa saa sita mchana. Alijaza kila kitu, akagusa kitufe cha kutuma. Kimya. Akagusa tena. Kimya, kama darasa letu mwalimu wa hesabu akiuliza nani anakuja ubaoni.

"Ni rezo," nikasema. Kwetu kila kitu kikikataa ni rezo. Basi tukapanda. Kule juu rezo ilijaa, ziwa likionekana mpaka rasi ya Ubwari, na kitufe kikabaki kimekufa. Batri inashuka. Furaha hakulia, ila aliacha kujibu utani wangu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Tukashuka mbio mpaka kwa koko, bibi yetu, aliyekuwa anapukuchua mahindi. Tukamweleza; hata simu hakuiangalia.

"Mbele ya leo ilikuwa inatumika?"

"Wiki iliyopita, ndiyo, koko," Furaha akasema.

"Na toka siku ile mulibadilisha nini ndani?"

Tukamsimulia. Wiki ile baba alikuwa anawasomea wazee wa kanisa Biblia kwenye simu hiyo, likaruka tangazo la kubeti lenye msichana aliyevaa kidogo sana. Kwa aibu, Furaha akaweka kizuizi ndani ya simu: kifukuze matangazo, wanaofuatilia tunakopita mtandaoni, na skripti, vile vijiprogramu vinavyoendesha ukurasa. Amani ikarudi nyumbani. Lakini kile kitufe nacho kiliendeshwa na skripti.

"Mulifunga mulango muzuri," koko akasema. "Sasa mugeni wenu iko inje, na nyinyi muko namutafuta barabarani."

Tukafungua kizuizi kwa ukurasa ule mmoja tu. Ukataka ajaze upya. Akaanza tena tangu jina. Nikamshikia simu bila kusema neno, jambo ambalo nyumbani wanalisimulia mpaka leo. Saa sita ikiwa inabisha hodi, ukurasa ukajibu: umepokelewa.

Mwanangu, kizuizi usikitupe. Wanaonusa nyayo zako hawakutakii mema. Ila kitu kikikataa, kabla hujapanda kilima, jiulize wewe mwenyewe ulifunga nini. Fungulia unayemjua, wengine wabaki nje. Mungu akufiche kwa wote wanaokufuata, na unayemngoja asikukose mlangoni.